Tangazo la Kwanza

Padre alilisoma jina la Verediana kwa sauti ile ile aliyosomea zamu za kufagia kanisa, lakini masikioni mwa Selestini liligonga kama kengele.

"Selestini Dismasi, mgane, wa kigango hiki, anakusudia kufunga ndoa na Verediana Ndayikunda, mjane, aliyetoka Burundi. Hili ni tangazo la kwanza. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone padre."

Wanaume waliokaa naye benchi moja walimkanyaga mguu kwa utani. Selestini hakuwajali. Macho yake yalikuwa yamevuka njia ya katikati mpaka upande wa wanawake, yakatua kwenye shingo ya Verediana. Alikuwa ameinama ubavuni mwa mama yake Selestini, Bi Leonida, kitambaa cha kichwa kimemteleza kidogo kwa nyuma. Kisha polepole, kama mtu anayeiba, aliinua uso akamtazama. Mara moja tu. Macho yalitabasamu, midomo ikatulia, akainama tena.

Ilimtosha. Tangu mkewe Erica afariki kwa homa kabla hawajajaliwa mtoto, Selestini alikuwa mtu wa michikichi na mihogo basi, mtu wa kurudi jioni, kunawa, kula na kulala bila kusema zaidi ya maneno matano. Majirani walizoea kumwona akiongea na mbuzi. Leo jina lake lilikuwa limesomwa pamoja na jina la mwanamke, na nje mvua ya masika ilikuwa imekatika, na ziwa lilionekana lote kutoka dirishani hadi milima ya Zaire ng'ambo.

Ndiyo maana hakumtilia maanani mgeni aliyesimama mlangoni, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua na kovu kidevuni, aliyetoka kwa haraka kabla ya baraka ya mwisho.

Walipanda mlima pamoja kurudi nyumbani. Kigango kilikuwa katikati ya mteremko. Chini yake Kagunga na mitumbwi yake, juu yake mashamba. Bi Leonida, ambaye magoti yalimsumbua, alijichelewesha nyuma makusudi, akijifanya anasalimiana na kila mtu.

"Umesikia walivyonyamaza?" Verediana aliuliza. "Nilidhani kuna mtu atasimama."

"Asimame aseme nini?"

"Sijui. Mimi nimezoea jambo zuri likija, nyuma yake kuna mtu anakuja kulichukua."

"Hapa hakuna wa kulichukua."

"Sema tena."

"Hapa hakuna wa kulichukua, Vere."

Alicheka, mkono mdomoni kama kawaida yake. "Basi baada ya Pasaka utaniita mke wangu mbele ya watu?"

"Nitakuita mpaka uchoke."

"Nichoke! Nimeitwa mkimbizi miaka mitatu sijachoka, nitachoka kuitwa mke?"

Selestini alitaka kumshika mkono, lakini njia ilikuwa na watu. Akaridhika kutembea karibu naye kiasi cha kitenge chake kumgusa mguu.

Haikuwa rahisi kufika pale. Verediana alivuka milima ya mpakani mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu pamoja na umati wa watu wa kwao, miguu peku, amejitwika sufuria moja. Bi Leonida alimpa pembe ya jiko alale usiku mmoja. Asubuhi yake wenzake waliendelea na safari ya kambini, lakini Bi Leonida aliamka na homa kali, na yule mgeni akasema hawezi kumwacha mwenye nyumba katika hali ile. Akachemsha maji. Akapika uji. Homa ilipopungua, viazi vilikuwa vimefika wakati wa kuvunwa. Hivyo ndivyo alivyobaki.

Alikuwa na mume, Nizigiyimana, fundi seremala. Risasi zilipoanza kulia walikuwa mtoni, kwenye kivuko cha magogo. Mume alimsukuma atangulie, akabaki nyuma kuwazuia watu wasijazane. Wanaume wawili wa mlima wao walimwona akianguka. Hakuna aliyerudi kutazama.

Mapenzi yake na Selestini yalianzia kwenye michikichi. Yeye akipanda juu kukata mikungu, Verediana akiwa chini anaokota chikichi zilizotawanyika, wakijibizana Kiha kwa Kirundi, lugha zinazoelewana kama ndugu. Siku moja Selestini aligundua kwamba amekaa juu ya mti muda mrefu bila kukata kitu, anamsikiliza tu akiimba. Alishuka akamwambia. Verediana hakujibu siku ile. Alijibu mwezi uliofuata.

Aliyekataa ni mama.

"Mtu ambaye hukumzika bado ni mume," Bi Leonida alisema, na neno hilo hakulibadilisha kwa miaka miwili. Ukoo wao ulikuwa na jina pale mlimani. Babu Feliksi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kubatizwa katika kitongoji kile, ndiye aliyepanda michikichi ile mirefu, na tangu kwake hakuna aliyeingiza mwanamke nyumbani bila kupitia altareni. Bi Leonida hakumchukia Verediana. Alikula naye, alicheka naye, alilala naye chumba kimoja. Lakini hakumruhusu Selestini hata kukaa naye jikoni giza likiingia. Mpaka wale wanaume wawili walipopatikana kambini, wakaja kuapa mbele ya padre kwamba walimwona Nizigiyimana akianguka, na ruhusa ikatoka kwa askofu. Hapo Bi Leonida alifungua sanduku lake, akatoa kitenge ambacho hakuwahi kukivaa, akamtupia Verediana begani.

"Haya," alisema. "Sasa nimeshindwa."

Mchana huo, Verediana akiwa ameshuka bondeni kuchuma sombe, majani ya mihogo ya mboga, yule mgeni mwenye kovu alikuja nyumbani. Selestini alikuwa nyuma ya nyumba, akikagua pipa la kuchemshia chikichi lililokuwa likivuja.

"Amahoro, ndugu."

"Amahoro. Karibu. Kama ni mawese, leo ni Jumapili, hatuuzi."

"Nilikuja mlimani kwa ajili ya mawese. Kwako nimekuja kwa jambo jingine." Mgeni hakukaa. "Naitwa Calixte. Nilikuwa kanisani."

"Nilikuona ukitoka."

"Nilitoka kwa sababu sikuweza kusikiliza zaidi." Alivua kofia yake, akaikunja. "Ndugu yangu, huyo Verediana aliyetangazwa leo ni mke wa mtoto wa mjomba wangu. Nizigiyimana. Yu hai."

Pipa lilimponyoka Selestini, likabingirika mpaka likagonga ukuta.

"Wapi?"

"Kambini, upande wa Kasulu. Risasi ilimpata pajani. Watu wengine walimbeba wakamvusha kwenda Zaire, akakaa kule Uvira. Vita vilipozuka kule mwaka jana, akavuka ziwa pamoja nasi, tukapokelewa Kigoma, tukapelekwa kambini. Anatembelea fimbo." Calixte alitazama chini. "Kila lori la wageni likifika, anakwenda kusimama pale. Anauliza jina hilo. Kambi nzima inamfahamu. Watoto wanamwigiza."

"Kwa nini hukusimama kanisani?"

"Nilimwona alivyokaa na mama yako. Nikamwona alivyokutazama." Aliigeuza kofia mikononi. "Mimi nimemjua Verediana tangu siku aliyoolewa. Sikujua kama bado anaweza kutazama vile. Nikasema nije kwako kwanza, mwanamume kwa mwanamume. Kesho asubuhi narudi Kigoma na boti. Ukiniambia nilimfananisha tu na mtu mwingine, nitakwenda nikiwa nimemfananisha. Sitarudi tena mlima huu."

Aliivaa kofia yake, akapitia njia ya nyuma ya nyumba bila kuaga. Selestini alibaki amesimama. Alisikia kuku wakiparua. Alisikia mlango wa jiko ukifunguka, akajua bila kugeuka kwamba mama amesikia yote.

"Mwanangu."

"Mama, usiseme kitu."

"Nitasema. Nyamaza juu ya jambo hili." Bi Leonida alikuja akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mwenyewe amekuambia atakwenda zake. Mwache aende."

Selestini alimtazama kama hamjui. "Wewe ndiye unayesema hivyo? Wewe uliyenikatalia miaka miwili?"

"Mimi. Njoo ukae."

Walikaa kwenye gogo la kutwangia. Bi Leonida alinyoosha mguu wake mbovu, akaelekeza kidole kwenye migomba, mahali palipokuwa na mawe yaliyoota majani.

"Unamjua aliyezikwa pale?"

"Bibi Manariyo. Mtumishi wa babu."

"Ndivyo mlivyoambiwa nyinyi watoto. Hakuwa mtumishi. Alikuwa mke. Mke wa kwanza wa babu yako."

Selestini aligeuka kuyatazama mawe yale.

"Feliksi alikuwa na wanawake wawili alipoanza kusoma dini. Mmoja alikuwa na watoto, ndiye bibi yako. Manariyo hakuzaa. Ubatizo ulikuwa wa mtu mwenye mke mmoja. Akachagua. Manariyo hakuwa na kwao pa kurudi, kaka zake wote walikufa kwa ndui. Wakamjengea kibanda pale kwenye migomba. Feliksi akaapa hataingia mle, na hakuingia. Alikuwa mtu wa neno lake. Nilipoolewa hapa na baba yako, Manariyo alikuwa mzee, na kazi niliyopewa ni kumpelekea chakula. Niliambiwa niweke mlangoni, nisiingie." Bi Leonida alifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Kila siku aliniuliza swali moja. 'Feliksi hajambo?' Basi. Nyumba ya Feliksi anaiona kutoka pale alipoketi. Anamsikia akikohoa. Lakini ananiuliza mimi. 'Feliksi hajambo?' Namjibu hajambo. Anashukuru, anafunga mlango."

"Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Kwa aibu ya nani? Yangu? Ya baba yako? Kila mtu alinyamaza, na mimi nikanyamaza." Aliukanda mguu wake mbovu. "Nilimkatalia Verediana kwa sababu ya mama yule. Niliogopa atakaa kwetu bila kuwa wa mtu, halafu siku moja mje mniambie sheria imebadilika, atoke. Sasa leo jina lake limesomwa. Limesomwa, Selestini! Sitaki kumwona mwanamke mwingine akitolewa nyumba hii kwa ajili ya dini. Dhambi nitaibeba mimi. Mimi ni mzee, sitaibeba muda mrefu."

Selestini aliushika mkono wa mama yake, mkavu na mwepesi, na kwa muda ule hakutaka kitu kingine duniani ila kumtii. Ilikuwa rahisi sana. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kukaa tu, jua lizame, boti iondoke, tangazo la pili lisomwe, na la tatu.

"Na yule mwanamume, mama," alisema mwishowe. "Anayesimama kwenye malori. Naye anauliza kila siku."

Bi Leonida aliuondoa mkono wake polepole. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Verediana alikuwa katikati ya mihogo, beseni limejaa majani nusu, anachuma na kuimba kwa sauti ya chini. Alimwona Selestini akishuka, akaangaza uso wote.

"Umenifuata! Mama akijua atatupiga mawe."

"Vere, acha kwanza hiyo sombe."

"Sijamaliza. Bado nikatwange."

"Acha."

Aliuona uso wake. Jani alilokuwa ameshika lilianguka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa." Selestini alimsogelea. "Ndilo neno lenyewe. Hakufa."

Hakuhitaji kutaja jina. Verediana alisimama wima kabisa, kama mtu aliyesikia nyoka kwenye majani.

"Nani amesema?"

"Calixte."

"Calixte mwenye kovu hapa?" Aligusa kidevu chake.

"Huyo. Alikuwa kanisani. Alikuja kwangu sasa hivi. Anasema mumeo alivushwa Zaire, na sasa yuko kambini, upande wa Kasulu."

Verediana alikaa chini taratibu, katikati ya mashina ya mihogo, kwenye udongo uliolowa, na kitenge kile kipya. Alianza kuuliza maswali kwa sauti kavu.

"Ana miguu?"

"Anatembelea fimbo. Mguu mmoja uliumia."

"Anaona vizuri?"

"Anaona."

"Ameoa?"

Selestini aliona kitu machoni mwake alipouliza hilo. Lilikuwa tumaini. Alikuwa anaomba jibu liwe ndiyo, na Selestini alijua kwamba akitamka neno hilo moja, yote yangekwisha, wangerudi nyumbani wakatwange sombe.

"Hajaoa," alisema. "Kila lori la wageni likifika anakwenda kukuulizia."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, akipiga udongo kwa kiganja.

"Kwa nini hajaoa? Wanaume wote waliovuka Zaire wameoa huko! Kwa nini yeye asioe? Nani alimwambia anisubiri?"

Selestini alipiga magoti mbele yake. Hakujua pa kuweka mikono.

"Na wewe," Verediana alimgeukia. "Calixte alikuja kwako kwanza. Kwa nini alikuja kwako?"

"Alisema nikitaka anyamaze, atanyamaza."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Na ukaja kuniambia." Alimtazama kwa mshangao, machozi yakiendelea kutiririka. "Ungenyamaza, Selestini. Ningekuwa na furaha. Ningezaa watoto, ningezeeka hapa, nisingejua kamwe."

"Mimi ningejua."

"Ungenivumilia basi! Ungebeba peke yako! Si ulisema unanipenda?"

"Ningekuwa nakutazama kila siku ukicheka, na najua kuna mtu anasimama juani. Mwishowe ningeanza kukuchukia kwa kucheka. Sitaki kukuchukia, Vere. Nimeishi bila mtu wa kumpenda, najua kulivyo. Lakini hilo lingekuwa baya zaidi."

Alimrushia fungu la majani usoni. Halafu jingine. Selestini hakujikinga. Alipoishiwa majani alimwangukia kifuani, paji la uso likagonga mfupa wa bega lake, na kwa mara ya kwanza Selestini alimkumbatia mchana kweupe, shambani, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuwaona. Alinusa moshi wa jiko kwenye nywele zake, na sabuni aliyoogea kwa ajili ya kanisa.

"Niambie nibaki," Verediana alinong'ona. "Sema tu. Nitabaki, na Mungu ataniuliza mimi."

Mwili wote wa Selestini ulitaka kusema. Alifungua mdomo.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" aliuliza.

Verediana aliongea bila kuinua uso.

"Kule kivukoni alinisukuma nitangulie," alisema. "Nilimwambia twende pamoja, akasema wewe vuka, mimi nakuja. Alibaki ili mimi nivuke. Sasa nikae hapa nimwambie nini? Kwamba nilivuka, nikaolewa?" Alijitoa kifuani kwake, akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nitakwenda nimwone. Zaidi ya hapo sijui. Usiniulize zaidi ya hapo."

"Sitakuuliza."

"Na usije ukasema ni wewe uliyenituma. Ninakwenda mwenyewe."

"Sawa."

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha mlima kikafika bondeni. Kisha Verediana alianza kuokota majani aliyomrushia, akayarudisha kwenye beseni moja moja, kwa sababu Bi Leonida alikuwa hajala.

Asubuhi waliteremka Kagunga watu watatu. Selestini alimwambia mama yake abaki, njia inateleza; Bi Leonida alichukua fimbo yake na kutangulia.

Ufukweni kulikuwa na kelele za kila siku. Wavuvi walikuwa wakishusha dagaa, wanawake wakiwaanika juu ya mchanga, watoto wakiwafukuza kunguru. Boti ya kwenda Kigoma ilikuwa imetia nanga mahali maji yanapofika kiunoni, na wabeba mizigo walikuwa wakiwabeba abiria mgongoni kuwafikisha. Calixte alikuwa tayari ndani ya boti. Alipomwona Verediana alisimama, akavua kofia, na hakuivaa tena.

Bi Leonida alimshika Verediana mabega yote mawili.

"Ukifika, umsalimie mumeo. Mwambie mama yake Selestini anamsalimia."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie ulikaa kwetu kwa heshima. Mwambie ulilala chumba changu, kitanda chako na changu vinagusana. Asije akakudhania vibaya. Calixte!" Alipaza sauti mpaka watu wakageuka. "Calixte, umesikia? Na wewe umwambie. Alilala chumbani kwangu!"

"Nimesikia, Mama," Calixte alijibu kutoka majini.

"Mwambie alikuwa binti yangu." Alimwachia, akageuka akatazama milima.

Verediana na Selestini walisimama wakitazamana, na maneno yote ya jana yalikuwa yamekwisha.

"Mama hapendi uji mzito," Verediana alisema. "Ukimpikia mzito anauacha, halafu anasema ameshiba."

"Nitaupika mwepesi."

"Na lile pipa, usilipige nyundo. Mpelekee fundi alizibe."

"Nitampelekea."

"Na ule upande wa bondeni..." Hakumaliza.

Mbeba mizigo mmoja, kijana mnene mwenye kaptura iliyolowa, aliwasogelea, akainama mgongo tayari. "Dada, panda, boti inaondoka."

"Huyu nitambeba mwenyewe," Selestini alisema.

Hakumbeba mgongoni. Alimwinua mikononi, mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, kama bwana harusi anayemvusha mkewe kizingiti, akaingia naye majini. Ziwa lilikuwa baridi. Verediana alimzungushia mkono shingoni, akaufunika uso wake pale chini ya sikio, na Selestini alihisi pumzi yake na mdomo wake, vikavu, vya moto. Alitembea polepole sana. Abiria walianza kunung'unika. Yeye alihesabu mawe chini ya nyayo ili asifike haraka, na bado akafika.

Calixte alimpokea. Benchi lililobaki lilikuwa la mbele, linaloelekea Kigoma, na Verediana aliketi hapo, kifurushi mapajani, mgongo wake ukielekea ufukweni.

Injini ilikohoa, ikanguruma. Boti ikageuka.

Selestini alirudi nchi kavu, suruali imemganda miguuni. Bi Leonida alikuwa amepanda juu ya jiwe ili aone vizuri.

"Hageuki," mama alisema. "Kwa nini hageuki? Verediana! Geuka, mwanangu!"

"Mwache, mama."

"Angalau mara moja!"

"Mwache. Akigeuka atashuka."

Waliutazama mgongo ule mwembamba wenye kitenge kipya ukipungua, ukawa rangi tu, kisha boti ikazunguka rasi, na likabaki ziwa. Sauti ya injini iliendelea kusikika baada ya hapo, ikija na kupotea kwa upepo. Selestini aliisikiliza. Alipokuwa na hakika kwamba imekwisha ilirudi tena, hafifu, na alipoisubiri irudi mara nyingine haikurudi.

"Kaka," mwanamke mmoja alisema nyuma yake. "Wee kaka! Unakanyaga dagaa wangu."

Alitazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya dagaa walioanikwa, na maji ya suruali yake yalikuwa yamelowesha mchanga wote.

"Nisamehe, dada. Sikuona."

"Hukuona nini, na jua lote hili? Nimewaanika tangu alfajiri! Wote wamejaa mchanga..."

Selestini alichuchumaa akaanza kuwaokota, mmoja mmoja, akiwapangusa kwa kidole gumba na kuwapanga upya mahali pakavu. Yule mwanamke aliendelea kulalamika juu ya kichwa chake mpaka alipouona uso wake. Akaacha. Alitazama ziwa tupu, akamtazama mama mzee aliyesimama juu ya jiwe, akajifunga kanga yake vizuri, na kuchuchumaa upande wa pili kumsaidia.